Tochi Uliyoiacha na Betri Ndani

Mpendwa Baba Atieno,

Nimekaa kuandika mara tatu leo na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza niliona vumbi kwenye cherehani. Mara ya pili nilikwenda kuangalia kama foleni ya bomba imepungua, ingawa ndoo zangu zote zimejaa. Mara ya tatu sijui niliinukia nini. Nilijikuta tu nimesimama katikati ya chumba na mkasi mkononi. Sasa nimefunga mlango. Majirani wa hapa Nyalenda wakibisha, wafikiri nimelala mchana.

Jumamosi wanakuzika. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Baba yako, Mzee, amesema mbele ya ukoo wote kule nyumbani Nyamasaria kwamba miaka sita inatosha. Watakata tunda la yago, lile refu na zito, walifunge kwa shuka na kulilaza kaburini badala yako, kama ilivyofanywa tangu zamani kwa kila aliyepotea na mwili wake usionekane. Mbao za sanduku zimeshanunuliwa. Wananingoja mimi tu. Mzee anataka nilete kitu chako ulichokishika sana ukiwa hai, kilale pamoja na hilo tunda. Mtu mmoja akataja shati. Mzee akakataa, akasema huyu alikuwa mtu wa tochi, na mkewe ataleta tochi. Kila mtu akanigeukia.

Kwa hiyo sanduku lako la bati liko hapa kitandani, wazi, nami nalizunguka kama kuku mwenye mayai.

Unakumbuka lilivyoanza? Makarani wenzako wa bandarini walinunua baiskeli, wengine redio, na mmoja tunayemjua wote alijiongezea mke. Wewe ulikuja nyumbani mwaka ule wa uhuru na tochi ya tatu mfukoni, mimi bibi arusi wa juzi, nikakuuliza kwani nyumba hii ina giza kiasi gani. Ulicheka mpaka ukaketi. Kisha ukanieleza kwamba tochi mbili hazifanani hata zikizaliwa kiwanda kimoja. Kuna mwanga mweupe na kuna mwanga wa rangi ya chai. Kuna wenye doa jeusi katikati, na kuna unaofika mbali sana lakini ukifika huko hauonyeshi kitu. Mimi nilidhani ni maneno ya mafumbo ya kijana msomi anayetongoza mkewe. Kumbe ulikuwa unazungumza juu ya tochi kweli.

Ulizitaka za mfukoni peke yake. Zile ndefu za betri tatu uliziita marungu ya askari, hukutaka kuzisikia. Mabaharia wa meli walikuletea za ng'ambo ya ziwa, mwalimu mmoja wa Maseno alikupa ile bapa iliyotoka Uingereza, na yule mwenye duka la vyuma kule kwa Wahindi alichoka kukufukuza, mwishowe akawa anakuwekea mpya ili umwambie kama zinafaa kuuzwa. Ulizipa majina. Ile nyembamba ya kuchomeka kwenye mfuko wa shati ilikuwa Karani. Ile bapa ikawa Mhubiri, maana ilianza kwa nguvu na kufifia kabla ya kumaliza. Ile isiyo na betri, ya kukamua kwa kiganja mpaka ivume, ukaiita Mama Mkwe, kwa kuwa ilinung'unika kwanza ndipo ikatoa kitu. Nilikununia siku mbili kwa ajili ya jina hilo. Na ile ya fedha yenye mistari ubavuni, ambayo ukizungusha kichwa chake mwanga hubana na kutanuka, ilikuwa Chifu.

Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Ulitundika blanketi dirishani mchana kweupe, chumba kikawa giza, nje watu wanapita wakiulizana kama kuna mgonjwa. Mimi ukanisimamisha ukutani na sindano na uzi. Wewe ulikuwa mlangoni unawasha moja baada ya nyingine. Tochi iliyoniwezesha kutia uzi kutoka mbali kule ndiyo iliyoshinda, na kwako hakukuwa na kipimo kingine chochote, hata mtu aisifu vipi.

"Nyar Seme, usinidanganye," ungesema. "Umeona tundu, ama umekisia?"

Mara nyingine nilikuwa nimekisia na uzi ukaingia kwa bahati. Nikikubali, ulizima. "Basi hiyo imeshindwa."

Nami nilikuambia ugali unapoa. Hukusikia. Nilizoea kula ugali wa baridi kila Jumapili, na nitakuambia jambo ambalo sikukuambia wakati ule kwa sababu ungevimba kichwa: nilizipenda hizo Jumapili. Nilipenda kuitwa Nyar Seme, binti wa kwetu Seme, kutoka gizani, na kujua kwamba kuna mtu upande wa pili anayetaka nione vizuri.

Nimeinuka tena. Nilikwenda kuchungulia kama Atieno amerudi kutoka shuleni. Bado. Alizaliwa usiku, ukamshikia mkunga tochi kupitia dirishani kwa sababu kioo cha taa kilikuwa kimepasuka, na neno lako la kwanza baada ya kuambiwa ni msichana lilikuwa kwamba ungejua ungeleta Chifu badala ya Mhubiri. Mkunga alilisimulia hilo mji mzima.

Tena kulikuwa na ile sheria yako. Tochi inayotumika ikae na betri, tochi inayolala itolewe betri, maana betri zikisahauliwa ndani hutoa jasho na kuila tochi tumboni. Hivyo ndivyo Mhubiri alivyokufa. Ulimfungua siku moja ukakuta ukoko wa kijani, ukanyamaza siku nzima, na mimi nikawaambia wateja wangu tumefiwa. Tangu hapo ukawa mkali. Betri zilizochoka ulizianika juu ya bati, zikipata jua zikarudisha nguvu kidogo, na majirani nao wakaanza kuanika zao kwetu mpaka paa letu likafanana na soko.

Na siku ile kule Dunga je? Naandika huku nacheka peke yangu, wallahi mtu akinisikia atasema nimeanza kuchanganyikiwa. Ulinichukua jioni ile ufukweni ujaribu Chifu juu ya maji, jua limekwisha kuzama. Wavuvi wa omena walikuwa ndio wanatoka na karabai zao. Ukawasha, ukazima, ukabana mwanga, ukautanua, ukinieleza kila hatua. Mashua mbili zikageuka. Zikapiga kasia kurudi mpaka nchi kavu, wanaume wakaruka majini wakiuliza nani amekufa, maana kwao taa ikiwawakia vile kutoka ufukweni ni mwito wa msiba, mtu arudi nyumbani mara moja. Ukasimama pale na tochi yako, karani mzima wa bandari. Yule mkubwa wao alikutazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akasema, "Bwana, kama hakuna mtu amekufa, usituite." Tuliondoka haraka bila kugeuka nyuma. Tulipofika kona ya kwanza ndipo tulipoangua kicheko.

Halafu ukaenda. Mambo ya ng'ambo ya ziwa yalikuwa yameharibika, na ndugu yako Ouma alikuwa kule kwenye mashamba ya miwa, habari zake hazijulikani. Mzee akasema mkubwa amfuate mdogo. Ulitumia alasiri nzima kuchagua tochi ya safari. Mwisho ukachomeka Karani kwenye shati, ile dhaifu kuliko zote, ile ambayo sijawahi kutilia uzi hata nikiwa pua na pua nayo. Nikakuuliza kwa nini usichukue Chifu.

"Hii ni ya njiani tu," ukasema. "Chifu ibaki na betri ndani. Nitairudia."

Ouma alirudi kwa miguu yake baada ya msimu mmoja, amekonda, akasema hukuwahi kufika kwake. Hakuna aliyekuona ukishuka melini, na hakuna aliyekuona usishuke. Niliuliza mabaharia, niliuliza padri, niliuliza wanawake wanaouza samaki kule mpakani. Mtu mmoja alisema aliona mtu kama wewe. Mwingine akasema ni vigumu kusema. Nilikwenda Dunga jioni na Chifu, nikawawakia wavuvi. Walirudi wote kama siku ile. Wakaniuliza nani amekufa, nikaizima Chifu, wakanipeleka nyumbani wenyewe bila kunikaripia. Sikwenda tena.

Sanduku lako nimelitunza kama ulivyotaka. Zote zimelala bila betri, nimezifunga kwa vipande vya kitambaa. Isipokuwa Chifu. Chifu sijaitoa betri hata mara moja kwa miaka sita, ila kubadilisha. Kila mwezi naifungua, naifuta ndani, natia mpya, naijaribu ukutani, naiweka karibu na mto. Atieno aliniuliza mwaka jana, mama, kwani hii inamngoja nani? Nikamtuma dukani.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumanne nilikwenda Nyamasaria peke yangu kumwona Mzee. Nilikwenda na hasira, na njiani nilipanga maneno. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, miguu imevimba, anapumua kwa shida. Alijua nimekuja kwa nini. Nikamwambia kwamba wewe ulikuwa na swali ulilokuwa ukiniuliza kila Jumapili, na nataka nimwulize yeye hilo hilo.

"Baba, mmeona, ama mmekisia?"

Aliivuta miguu yake kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kivulini.

"Tumekisia," akasema. "Lakini Nyar Seme, mimi sina wakati tena ya kungoja kuona. Nikienda kabla hajapata mahali pa kulala, nitamtafuta wapi huko?"

Nikamwuliza, na akirudi? Akatazama pale walipopima kaburi, kushoto kwa lango.

"Akirudi, hiyo tunda nitafukua na mikono yangu. Na kama mimi sipo, wewe fukua."

Nilimpaka mafuta miguuni nikarudi mjini. Tangu hapo sijashona hata mkono wa shati. Nakasirika, na sijui nimkasirikie nani, maana kila ninayemtazama ameumia kuliko anavyosema. Ouma hawezi kunitazama usoni. Sitaki kuitwa mjane. Najua pia yatakayofuata kaburi, maneno ya nani wa ukoo atanirithi na kusimama katika nyumba yako. Hayo nitayajibu yakifika, ulimi ninao. Lakini hili la Mzee sina jibu lake. Ninaweza kukungoja mpaka meno yaning'oke. Yeye hawezi, na amekungoja kwa miguu ile.

Nilifikiria kumpelekea ile ya kukamua, Mama Mkwe, Mungu anisamehe. Nilifikiria kununua tochi mpya dukani, kwani nani angejua? Lakini ingekuwa kukisia juu ya kukisia, na wewe ungenizimia taa.

Basi muda mfupi uliopita niliweka kalamu chini na kuchukua Chifu. Niliiwasha kwanza. Nilitundika blanketi letu dirishani, nikaiweka juu ya rafu ya mlangoni, nikaenda kusimama mahali pangu ukutani na sindano. Macho yangu si yale, Baba Atieno. Uzi ulikataa, ukakataa, ukapita. Nimeona tundu. Sikukisia.

Kisha nimefungua kifuniko cha nyuma, nimeinamisha, betri zimetoka zote mbili kiganjani, za moto kidogo bado. Nimeifuta tochi ndani kwa ncha ya khanga mpaka ikakauka. Jumamosi nitailaza mwenyewe pamoja na tunda lako, kwa mkono wangu, ili Mzee anione. Haitaoza. Imelala kama ulivyofundisha.

Betri sikuzitupa. Nimepanda kwenye kiti cha cherehani nikazianika juu ya bati, palepale pako, kwa sababu hazijaisha.

Ikiwa umelala, lala sasa, hakuna atakayekuamsha tena kwa taa. Na ikiwa uko njiani, tafadhali usianzie Nyamasaria. Pitia kwangu kwanza, nikueleze.

Mkeo,
Nyar Seme