Nilisikia riziki

Fundi, uko wapi? Leo nimejivua nguo mbele ya ukumbi mzima.

Si nilikwambia wazazi tumeitwa chuoni kwa binti yangu? Mkuu wa chuo akasimama, akasema serikali imekata ruzuku, kwa hiyo idara yao ya uuguzi huenda ikafungwa.

Mimi nikasikia riziki. Riziki, ndugu yangu!

Nikanyanyuka na sauti yangu hii ya gereji: "Wewe nani useme riziki imekatwa? Riziki hutoa Mungu, serikali haina mkono hapo!"

Ukumbi ukaangua kicheko, mpaka mkuu akafuta machozi. Akaniambia polepole, kama anayesema na mtoto: "Mzee, ni ruzuku. Fedha ambazo serikali inakipa chuo."

Hayo ningeyameza. Lakini binti alikaa safu ya mbele yangu, na mwenzake akamuuliza, "Huyo ni mzee wa nani?"

Akasema, "Simjui."

Simjui! Mtoto niliyembeba mabegani.

Na simlaumu. Hata mimi ningejikana.

Sasa anabisha mlango wa chumba changu: "Baba, chai inapoa." Sauti ile ile iliyosema simjui. Nimeshindwa kuitika.