Verlin Tackett, Mpiga Dramu wa Tannery Hill Tangu Siku ya Kwanza

Mwaka umetimia wiki hii, Verlin, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha jikoni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Noreen mkeo bado hajakisogeza kile kiti.

Tulitaka kukuandikia mambo ya upole tu, kama ulivyokuwa mwenyewe. Lakini mwaka huu umetukasirisha, na hatuoni sababu ya kukuficha.

Tuanze na tunayoyajua. Tannery Hill, bendi yenu iliyopewa jina la mtaa wetu, haikuanzia Los Angeles. Ilianza mwaka 1978 hapa Middletown, Ohio, katika chumba cha chini cha nyumba ya mama, kati ya mashine ya kufulia na chupa za matunda aliyoyahifadhi. Mlikuwa watatu: wewe kwenye dramu, Dell Rasnick akiimba, na marehemu Curtis Boggs kwenye gita. Mama alikuwa akigonga sakafu kwa ufagio ili mnyamaze, nawe ukimjibu kwa dramu mpaka anacheka.

Mchana ulipiga pasi kwenye duka la dobi. Huko ndiko ulikotoa zile kadi ngumu zinazowekwa ndani ya mashati yaliyokunjwa. Kabla ya kila onyesho uliandika juu yake orodha ya nyimbo, kwa penseli ya seremala, maana wino ulifutika kwa jasho, ukambandikia kila mwenzako kadi yake sakafuni, miguuni pake. Kando ya kila wimbo uliandika mwendo wake. Dell alikuwa na tabia ya kukimbiza nyimbo.

"Unakimbilia wapi, bwana?" ulikuwa ukimwuliza. "Umeacha sufuria motoni?"

Miaka mingi mlizunguka kwa gari moja linalovuja, mkipiga maonyesho zaidi ya mia mbili kwa mwaka. Albamu mbili za kwanza hazikujulikana nje ya Ohio. Ya tatu, ya mwaka 1986, ikashika nafasi ya kwanza nchi nzima, na viwanja vya mpira vikajaa. Krismasi hiyo ulirudi nyumbani, ukaosha vyombo kama kawaida na kumwuliza mama kama bomba bado linasumbua.

Mwaka 1991 mama alipopata kiharusi, uliacha ziara katikati ukaja kumlisha kwa kijiko. Bendi ilipotafuta mpigaji mwingine hukumlaumu mtu. Ulimpigia simu yule bwana na kumfundisha nyimbo zote, mmoja mmoja.

Machi mwaka huu kimetoka kitabu cha historia rasmi ya bendi. Mimi kaka yako Orrin nimekisoma mara tatu, kwa sababu sikutaka kuhukumu haraka. Kinasema bendi ilianza mwaka 1984, Dell alipofika Los Angeles. Wewe umetajwa mara moja, ukurasa wa 61, bila jina: "mpiga dramu wa kukodi kutoka kwao."

Nilidhani ni kosa la uchapaji. Nikampigia Dell simu, Noreen akiwa kando yangu anasikiliza.

"Kaka Orrin," akasema Dell, "historia ikiwa ndefu watu hawaisomi. Majina mengi yanawachosha."

"Ni jina moja tu, Dell."

"Verlin mwenyewe hakupenda kujionyesha. Unajua hilo."

Noreen akaninyang'anya simu. "Hakupenda kujionyesha, lakini hakuomba afutwe! Miaka minne ulikula mezani kwa mama mkwe wangu. Siku hizo jina letu lilikuchosha?"

"Shemeji, usinipigie kelele."

"Kelele? Hata sijaanza!"

Simu ikakatwa.

Na kuna picha ndani ya jalada. Ni moja ya kadi zako. Chini yake wameandika: "Maandishi ya Dell Rasnick mwenyewe." Verlin, ni penseli yako na mkono wako, na kando ya wimbo wa nne inasomeka wazi: "Dell, punguza mbio." Nani anajiandikia hivyo? Waliipiga picha, wakaichapa maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyeisoma. Noreen alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha yakawa machozi ya kweli.

Jumamosi hii wanafungua maonyesho ya kumbukumbu za bendi huko Cincinnati. Walituomba dramu zako za kwanza, na wakatutumia tiketi nne za viti vya mbele. Tiketi tumezirudisha. Kuhusu dramu, niliwaandikia kwamba zitafika siku kibao cha maelezo yake kitakaposema Verlin Tackett, 1978. Jana wamejibu kwamba kibao kimeshatengenezwa na hakibadilishwi.

Basi wafungue. Wamejenga jukwaa la mfano, gita upande mmoja, maikrofoni mbele, na nyuma katikati patakuwa patupu. Watu watauliza nani alikuwa akikaa pale. Na wawajibu.

Unakumbukwa na mkeo Noreen, binti zako Jolene na Patrice, kaka yako Orrin, dada yako Wilma, wakwe, wajukuu, na majirani wote wa Tannery Hill waliokusikia kupitia dirisha la chini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tutakukumbuka siku zote, Verlin, na tutakutaja kwa jina.