Friji ya Kwenda Soin

Jumatatu, 2 Februari

Nimefungua duka saa moja. Dawa ya kupe imeisha tena, nimeagiza. Mvua hakuna, chai imekonda, na watu wa Kapkatet wana muda mwingi wa kusimama dukani na kuniuliza maswali bila kununua chochote.

Saa nne mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kule Soin, bondeni kwenye joto, amepiga simu. Wamekubali. Jumamosi ya wiki ijayo niteremke niwachanjie kuku dhidi ya kideri. Mara moja hii tu, amesema. Mwaka jana niliwachanjia na bado kideri kikaja kikawamaliza kuku, karibu wote. Hakunilaumu kwenye simu. Afadhali angenilaumu.

Safari hii sibebi barafu. Chanjo inataka kukaa kati ya digrii mbili na nane, haitaki hadithi. Nanunua friji ya gari. Nikishaamua nimeamua.

Jumatano, 4 Februari

Kericho mjini. Maduka matatu. Kufika la tatu nilikuwa najua mambo ya friji kuliko wanaoziuza.

Ziko aina mbili. Moja ina feni tu. Nyepesi, kimya, unaichomeka pale unapochajia simu ndani ya gari na mambo yamekwisha. Nyingine ina kompresa kama friji ya nyumbani. Nzito kama gunia la mbolea, inanguruma, na inataka waya wake wa peke yake hadi kwenye betri. Muuzaji alinisukumia hiyo nzito. "Madam, hii ndio yenyewe. Hutajuta." Kila muuzaji husema hivyo kuhusu kitu kilichomlalia dukani. Nikamwambia sikuzaliwa jana.

Nimechukua ya feni. Inaingia vizuri nyuma ya Probox yangu na nafasi ya sanduku la dawa inabaki. Nimerudi nikiimba.

Alhamisi, 5 Februari

Majaribio. Mimi si mtu wa kuamini maandishi ya kwenye boksi.

Niliweka chupa za maji ndani na kipimajoto katikati yake. Gari limesimama mbele ya duka, injini nikiiwasha kila mara. Saa mbili asubuhi digrii nne. Saa nne digrii nne. Saa sita, tano. Niliandika kila kitu kwenye karatasi na kuibandika ukutani wateja waone.

Mama Atieno, jirani yangu anayeuza samaki, alikuja kuangalia. Yeye amekuwa akileta samaki kutoka ziwani tangu mume wake akiwa bado fundi kwenye kiwanda cha chai, na anajiona bingwa wa baridi. Aliinua kifuniko, akakifunga, akacheka. "Daktari, hapa Kapkatet hata sufuria ni friji. Peleka hio kitu kwa joto kwanza."

Nikamwambia auze samaki. Nampenda lakini ana mdomo.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mwaka jana.

Acha niandike mara moja niachane nalo. Mwaka jana, njiani kwenda Soin, gari lilikwama kwenye matope zaidi ya saa tatu. Nilipofungua kasha nikakuta barafu imekuwa maji, na maji yenyewe hayakuwa baridi tena. Chupa za chanjo zilikuwa zinaelea. Niliona. Nilijua. Lakini wanawake walikuwa wamekaa tangu alfajiri na kuku kwenye vikapu, wakanipigia makofi niliposhuka garini. Nikachanja. Kuku zaidi ya mia mbili, tone moja moja kwenye jicho, nikitabasamu.

Walipokufa nilisema huenda ugonjwa uliwakuta kabla ya dawa kushika. Wakaniamini. Mimi ndiye daktari.

Hakuna anayejua. Friji hii italipa lile deni, basi.

Ijumaa, 13 Februari

Chanjo imefika kutoka Nakuru na kipimajoto chake, ikiwa salama. Iko kwenye friji ya duka. Gari nimeliosha, mafuta nimejaza. Niko tayari. Kusema kweli nimefurahi kama mtoto siku ya Krismasi.

Jumamosi, 14 Februari

Nimerudi. Mikono inanuka kuku na sitaki kula.

Niliondoka alfajiri, ukungu umelala juu ya chai. Friji, digrii nne. Sigowet, digrii tano. Nikajisifu peke yangu ndani ya gari. Kisha barabara ikaanza kuteremka. Nilivua sweta, nikafungua dirisha, nikafungua na la pili. Haikunijia hata kidogo kwamba friji nayo inateremka pamoja nami.

Wanawake walikuwa wameshakusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Kuku wamefungwa miguu, majogoo wanapiga kelele. Wachache kuliko mwaka jana, maana wengi walianza upya na vifaranga wa kuomba kwa ndugu. Kivuli cha kuegesha hakikuwepo. Nilikwenda kusalimia, nikanawa, nikapanga vitu. Nusu saa hivi. Nilipofungua friji, feni inazunguka vizuri, taa ya kijani inawaka, na kipimajoto kinasema kumi na nne.

Nilikigonga kwa kidole. Kumi na nne. Nikangoja. Kumi na tano.

Nitaandika ukweli. Nilifikiria kuendelea. Nilishika chupa ya kwanza. Nilijiambia ni muda mfupi tu, labda haijaharibika, nani atajua. Maneno yale yale ya mwaka jana, hata mpangilio wake. Nikarudisha chupa.

Nikawaambia sichanji leo. Dawa imepata joto, siwezi kuapa kwamba bado inafanya kazi.

Kogo Taprandich (kogo kwetu ni bibi), mzee aliyepoteza kuku wote thelathini mwaka jana, aliinuka polepole na kuja hadi kwenye gari.

"Daktari. Na ile ya mwaka jana, ilikuwa namna gani?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Ilikuwa imepata joto, kogo. Niliona. Nikawachanjia tu."

Hakunitukana. Aliokota kikapu chake akaenda. Wengine wakamfuata, wakifungua kuku miguu huku wanatembea. Mwenyekiti alibaki nyuma kidogo, akasema niende salama. Nililia kuanzia mtoni hadi Sigowet.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda kanisani. Nimesoma kile kijitabu cha friji, ambacho nilikuwa nimekitupa chini ya kiti. Kiko wazi kabisa. Friji ya feni haina baridi yake. Inapunguza tu joto la pale ilipo, digrii kadhaa, basi. Mahali pa baridi inakuwa baridi sana. Mahali pa joto inajitahidi na kushindwa. Na mimi nimeijaribu Kapkatet, asubuhi, nikiwa nimevaa sweta mbili.

Miaka kumi na moja ya kazi. Nina hasira na mimi.

Nimekwenda kwa Mama Atieno nikamwambia yote, hata la mwaka jana. Hakucheka. Alisema, "Pole. Kesho kutwa tunaenda kununua ile ingine. Naenda na wewe." Sikumwomba. Nimeshukuru sana.

Jumanne, 17 Februari

Muuzaji alinitambua akatabasamu hadi masikioni. Nilimwacha afurahie. Nimenunua ile nzito. Ya feni ameichukua kijana mmoja wa hapa hapa wa kuuza soda stendi, na kwa baridi ya Kapkatet itamfaa bila shida.

Fundi wa umeme wa magari ameweka waya mnene hadi kwenye betri, na kidude cha kukata umeme kabla betri haijaisha nguvu. Nilisimama juu yake mpaka akaniambia nikalie kiti.

Jumatano, 18 Februari

Majaribio ya kweli. Tuliteremka mimi na Mama Atieno hadi tambarare ya chini, tukaegesha juani makusudi, madirisha yote juu. Sisi wenyewe tulikaa chini ya mti mdogo tukitokwa jasho kama wapishi wa harusi. Saa tatu nzima. Kila nusu saa nilikwenda kuangalia. Digrii tano. Tano. Sita. Tano. Injini imezimwa. Kisha nikawasha gari, likawaka mara ya kwanza.

Sasa naijua. Chanjo iliyopata joto nimeitupa, mpya inafika kesho kutoka Nakuru. Nimempigia mwenyekiti nikamwambia Jumamosi nitakuwepo, bila malipo, waje au wasije. Alisema atawapa habari. Hakuahidi kitu.

Jumamosi, 21 Februari

Nimefika saa mbili. Uwanja mtupu. Nimeegesha juani, nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa kwenye jiwe. Digrii tano.

Saa tatu wanawake kadhaa walikuja wakasimama kando ya ua wa kanisa, bila kuku. Tulisalimiana kwa mbali. Sikusema neno la kuwavuta.

Karibu saa nne akaja Kogo Taprandich na kikapu kimoja, mitetea wanne ndani. Hakunipa mkono. Nikataka kumwonyesha kipimajoto, akakisukuma pembeni. Aliinua kifuniko mwenyewe, akaingiza mkono katikati ya chupa, akauacha humo.

Baridi ilikuwa inatoka. Niliisikia kwenye magoti. Namba ikapanda hadi sita, hadi saba. Sikumwambia afunge. Wale wa kwenye ua walikuwa wanatazama.

Alipotosheka alitoa mkono, akaukausha kwenye leso yake, akarudisha kifuniko. Kisha akamtoa mtetea wa kwanza kikapuni, akamgeuza kichwa, akanishikia jicho lake wazi kwa tone la dawa.