Swali Nililouliza Mara Tatu

Migori, Alhamisi, 1967.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Si baridi, si joto. Ukiniuliza hali yangu nitakujibu hivyo hivyo: si huzuni, si furaha. Moyo umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia kanisani mahubiri yakazidi kurefuka.

Nimerudi kutoka kijijini kwa Mama Boke, na sasa nimeketi katika chumba changu cha kupanga, nyuma ya duka la fundi cherehani. Cherehani inanguruma. Fundi ana kazi. Mimi nimevua viatu tu, na hata hilo nimelifanya polepole.

Niyaandike mambo yalivyo, maana hapa hakuna wa kunicheka ila mimi mwenyewe. Mimi ni daktari wa samaki. Si wa kuwatibu, wa kuwapima. Miaka mingi nimeimaliza katika kituo cha utafiti kule ziwani, Homa Bay, nikimshika ngege, nikimpima urefu, nikimbandua gamba na kulitazama kwa hadubini nijue ameishi miaka mingapi. Nilikuwa hodari. Watu walinijia na gamba kama wanavyomwendea mganga.

Kisha mwaka jana, na mvi zangu zote, nikahamia idara ya historia ya chuo kikuu, Nairobi.

Kuna watu wamebadili dini kwa zogo dogo kuliko hilo. Wenzangu wa samaki walidhani malaria imenipanda kichwani. Hawa wenzangu wapya ni wapole mno, ule upole wa kumpisha mgonjwa kwenye benchi. Mkuu wa idara ni kijana niliyemfundisha biolojia sekondari kabla sijaingia kituoni, na hakufaulu. Kila akiniita "Mwalimu" katika kikao nazikumbuka alama zake, na najua naye anazikumbuka.

Mke wangu, Nyar Kendu, binti wa Kendu, kama ninavyomwita, hakupinga. Alisema tu, "Baba Odhiambo, samaki ukishawapima tulikuwa tunawala. Hii historia nitaipika na nini?"

 

Wiki iliyopita nilipata salamu kutoka kituoni. Meza yangu ya zamani iko wazi. Dereva wao atapita nyumbani Homa Bay Jumamosi achukue jibu langu, na nikikataa watampa mtu mwingine, basi, mlango umefungwa. Wiki ijayo nayo nasimama mbele ya idara kusoma kazi yangu ya kwanza, kuhusu nyumba zilizoachwa na wanaume waliokwenda kuchimba dhahabu Masara kabla ya Vita vya Pili. Mkuu wa idara amesema, kwa upole wake, kwamba baada ya hapo "tutaangalia." Mtu wa umri wangu akiambiwa tutaangalia, anajua kinachoangaliwa ni njia ya kumtoa.

Kwa hiyo leo nilikwenda kwa Mama Boke kumalizia. Alikuwa wa mwisho kati ya wazee ninaowahoji.

Kituoni kila samaki tulimpima mara tatu. Mkono hutetemeka, mkia hujikunja, macho huchoka. Vipimo vitatu vikikaribiana unaandika, unanawa mikono, unakwenda nyumbani. Sijui njia nyingine ya kukiamini kitu. Basi nilipoingia kwenye historia niliingia na mkono ule ule: kila mzee nilimuuliza swali moja mara tatu, safari tatu tofauti, bila kumwambia kwa nini. Nilijiona mjanja.

Mama Boke ni mjane wa Kikuria aliyeolewa huku. Mumewe alikwenda machimboni wangali vijana, na hakurudi. Safari ya kwanza nilimuuliza ilikuwaje, akaniambia shimo lilimfukia wakati wa mvua. Safari ya pili akaniambia alivuka kwenda Tanganyika na mke wa mtu. Leo akaniambia kifua kilimbana, akafa, wenzake wakamzika huko huko.

Gamba likinifanyia hivyo nalitupa. Mama Boke hatupiki. Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo akili yangu ilianza kutafuta wastani: mtu aliyefukiwa kidogo, akavuka mpaka kidogo, huku akikohoa.

Nikamweleza kwa adabu kwamba majibu yake hayafanani. Alikuwa anapepeta wimbi. Hakuacha kupepeta.

"Lakini ni wewe uliuliza tena," akasema.

"Niliuliza tena ili niwe na hakika, Mama."

"Mgeni nikimpa uji akauacha, si namletea kitu ingine? Ile ya kwanza uliiacha. Nikakupa ya pili. Hiyo pia ukaacha. Leo umerudi, nikasema, huyu daktari ya samaki bado ana njaa."

Mkaza mwanawe, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, akaziba mdomo kwa kanga. "Mama, mwonee huruma. Ni mtu mzima."

"Ndiyo namlisha," akasema Mama Boke.

Nilitarajia kuona aibu. Sikuona chochote, na hapo ndipo nilipoogopa. Wazee wote niliowazungukia tangu mavuno, kila mmoja mara tatu. Nilichobeba kurudi nacho Nairobi ni ukarimu wa watu. Wamenipakulia, nimeacha, wamenipakulia tena. Nikatia kalamu mfukoni.

Nadhani Mama Boke aliona kalamu ikienda.

"Na wewe," akasema, "samaki uliacha kwa nini?"

Nikamwambia ziwa lilipanda. Zile mvua kubwa ziliposhuka, maji yalimeza ufuko wetu na banda la mashua na chumba nilichowekea vyombo. Ni kweli, kila mtu Homa Bay anajua. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta. Tukazungumza habari za ndege wanaomaliza wimbi shambani.

"Samaki uliacha kwa nini?"

Nikadhani ni uzee. Nikamwambia kulikuja mkurugenzi mpya, hatukuelewana. Nalo si uongo. Hatukuelewana kuhusu nyavu, na kuhusu nani aende kwenye mikutano ya ng'ambo. Nililieleza vizuri hata mimi mwenyewe nikamhurumia huyo mtu niliyekuwa nikimsema.

Mkaza mwana akaleta uji. Nikaunywa wote. Kwa hali ilivyokuwa nisingethubutu kubakiza.

"Daktari ya samaki," akasema Mama Boke, macho kwenye ungo, "samaki uliacha kwa nini?"

Jibu la tatu lilikuwa tayari mdomoni. Ndilo lililonipatia kazi: kwamba siku moja pale ufukoni, katikati ya kupima, nilijikuta namsikiliza mvuvi akisimulia jinsi babu zake walivyohama kutoka kisiwa cha Mfangano, na samaki akaniponyoka mkononi. Jibu zuri. Idarani walitabasamu wote nilipolisema. 

"Sijui, Mama," nikasema.

Kwa mara ya kwanza akauweka ungo chini.

"Hata mimi sijui," akasema. "Aliamka, akaenda Masara. Wengine wakaniambia ni shimo. Wengine wakasema Tanganyika. Wengine wakasema kifua. Mimi nilikuwa napika uji. Nikapika na yake. Kesho yake nikapika na yake, na kesho ingine, mpaka watoto wakawa wakubwa, wakaniambia, mama, punguza."

Mkaza mwana hakucheka tena. Aliingia jikoni, nikasikia akisogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa.

Sikumuuliza mara ya pili.

Nimelifikiria hilo njia nzima kurudi, kama mtu anavyofikiri kichwa kikiwa kizito. Kituoni hatukuwa na mahali pa kuandika sijui. Samaki ambaye gamba lake halisomeki tulimtoa kwenye hesabu, akaenda kwa mpishi. Ningeifuata desturi hiyo, Mama Boke asingekuwemo kabisa katika kazi yangu. Angeachwa nje, yeye na sufuria yake iliyopikiwa mtu asiyekuja. Na pengine wazee wengine wote pia, maana sasa sijui ni wangapi kati yao walikuwa hawajui, wakaona haya kumwambia mgeni.

Itabidi niwarudie. Safari hii bila swali la tatu, na pengine bila la pili. Hiyo ni kazi ya miaka, na mimi si kijana. Na wiki ijayo nitasimama mbele ya wale wapole nikiwa na ukurasa mmoja ninaouamini, kuhusu uji. Mwanafunzi wangu wa zamani atanitazama kama nilivyomtazama siku ile alipochora moyo wa chura upande wa kulia. Ni haki yake. Ameingoja muda mrefu.

Ganzi haijaniachia. Lakini mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka huchoma kwanza, na tangu alasiri kuna mahali panachoma. Sitaki kusema zaidi ya hapo, nisije nikajidanganya.

Fundi amenyamazisha cherehani. Bado mvua haijanyesha.

Kesho narudi Homa Bay. Jumamosi dereva wa kituo atafika. Namjua, si mtu wa maneno mengi. Atasimama nje ya ua, injini haizimi, atauliza: unarudi au hurudi? Atauliza mara moja tu. Nyar Kendu atakuwa mlangoni amejifuta mikono, akijifanya anatazama kuku, akimfikiria ngege wake wa bure.

Nitamwambia dereva sirudi.

Na akitaka kujua kwa nini, nitamwomba azime injini, aingie ndani, anywe uji.