Kibao Kilichozidi Kibanda

Jumatatu, 2 Juni
Kola tatu, zipu moja. Mtaa wetu wote wa Majengo unanuka mkaa na vumbi la mawe meusi ya volkano. Mchana mguu ulikanyaga cherehani wenyewe, mimi nikawa mbali: chumba chenye madirisha, cherehani kumi, wasichana wakiimba. Alasiri fundi wa rangi kaleta kibao nilichoagiza. ATELIER KUBWA YA MAMA FURAHA, HARUSI ZOTE. Atelier, yaani karakana ya mafundi wengi. Kizuri mno. Kinazidi kibanda changu kwa hatua mbili, hakina pa kutundikwa. Nimekiegemeza nje. Jirani alicheka hadi akakaa chini.

Jumanne, 3 Juni
Mama Kavira wa mtaa wa Birere alikisoma kibao akiwa kwenye pikipiki, akashuka. Anaoza binti Jumamosi ya wiki ijayo. Wanawake thelathini wa ukoo, kitenge kimoja. Akauliza, "Bafundi beko bangapi humu ndani?"
Nikajibu, "Tuko."
Fundi ni mimi peke yangu. Nashona nguo mbili kwa siku. Nimepokea vitambaa vyote. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 6 Juni
Nguo sita tayari. Kitenge ni cha buluu, kina ndege weupe. Nikifumba macho wanaruka kuelekea ziwani. Naota kuliko ninavyoshona.

Jumatano, 11 Juni
Kumi na nne. Zimebaki siku mbili. Hata mtoto wa darasa la pili angejua kuwa kumi na mbili hazitawahi. Niliwaona akilini wanawake kumi na wawili kanisani siku ya harusi na nguo za kila siku, kwa sababu yangu. Marehemu mama alizoea kusema mtu hujikuna ajipatapo. Nikabeba vitambaa kumi na viwili kichwani mpaka Birere, nikasema yote.
Mama Kavira alivihesabu vitambaa. Kisha: "Ungeniambiya tu kweli siku ya kwanza. Benye kubakia batajifunga bikwembe, kitambaa tu, bila kushonwa."
Aibu. Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 13 Juni
Kumi na nane. Zimechukuliwa. Vidole vimevimba.

Jumapili, 15 Juni
Jana msafara ulipita hapa. Buluu tupu, wenye gauni na waliojifunga wamechanganyika, ndege wengi wakitembea. Mama Kavira aliniona. Hakupunga mkono, wala hakugeuza uso.
Leo baada ya misa nimelaza kibao juu ya mapipa mawili, maandishi juu. Miaka yote nilikatia sakafuni. Sasa nina meza. Mlangoni nimebandika kipande cha katoni: Mama Furaha. Nguo mbili kwa siku.
Kitambaa cha kwanza kimefunika HARUSI ZOTE. KUBWA bado inaonekana. Nimeiacha, nikakata polepole.