Moyo wa Majani Usifichwe

Mpendwa Shangazi Elmina, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nina paka anaitwa Majani, nimemlea tangu binti yangu Esnah akiwa shule ya msingi hadi sasa ameolewa, na kila asubuhi hunisindikiza nikienda kuchuna chai, lakini meno yake yameoza, anasogelea sahani, analia, anarudi nyuma, na daktari wa mifugo aliyemwona mwanzo alisikiliza kifua akasema moyo una kasoro, akampa tembe, kisha akahama, na huyu mpya anataka kumlaza kwa dawa ya usingizi ang'oe hayo meno. Mume wangu Oyaro, ambaye husema hapendi paka ilhali Majani hulala kwenye koti lake, ameniambia, "Phelis, hayo mambo ya moyo nyamaza. Huyo daktari akisikia ataogopa kumguza, na Majani atakufa njaa. Kwani siku ya kuandikwa kazi shambani, nani hukohoa mbele ya daktari?" Shangazi, sijui nikinyamaza ninamwokoa ama ninamuua.

Phelis, Merigi

Phelis mwanangu, pole, na Majani mpe pole yangu. Lakini nyinyi wawili mmeniudhi. Majani haendi kuandikwa kazi! Mficha maradhi, kilio humfichua.

Dawa ya usingizi hupunguza nguvu za moyo na pumzi. Daktari anayejua moyo ni mgonjwa huchagua dawa inayomfaa, hupima kidogo kidogo, humpa oksijeni na hamwondolei macho. Asiyejua atamlaza kama paka mzima. Pengine atataka Majani apimwe damu na moyo kwanza. Huko si kukataliwa, ni kutunzwa.

Mpigie simu leo. Mwambie yote, na siku ya kwenda beba zile tembe. Muulize kama utampa asubuhi hiyo, na aache kula saa ngapi. Usimwonee huruma ukamtilia maziwa kisirisiri, maana akitapika usingizini atapaliwa. Kama daktari hana vifaa vya kufuatilia mapigo, akuelekeze kwa aliye navyo. Mkirudi, mweke penye joto, baridi ya huko naijua, na umtazame anavyopumua. Dawa za maumivu za watu usimpe kamwe, zinaua paka.

Na wewe Oyaro, najua unasoma hapa ukijifanya unatafuta habari za mpira. Lile koti mtandikie Majani kwenye kikapu, anajua harufu yako. Baridi ya njiani utavumilia. Mkifika, usimsukumie Phelis. Sema wewe mwenyewe: "Daktari, huyu ni paka wangu, na moyo wake ni mgonjwa."