Pipa la Tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia na najua Mama amekwisha kunitetea mpaka maneno yamemwishia. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama bado linamsumbua? Na wewe, mikono yako inaendeleaje? Tafadhali usinijibu kwamba ni mizima. Kila mara unasema ni mizima, halafu Mama ananinong'oneza kwenye simu kwamba umeshinda siku mbili bila kushika sindano ya viatu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo, habari ambayo najua itamfurahisha Mama kuliko nyingine zote zilizomo humu.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukishika simu unasema ndiyo, ndiyo, haya, kisha unampa Mama. Barua utaisoma yote, tena mara mbili. Kwa hiyo kama umesimama mlangoni na miwani imekuteleza puani, ingia ndani ukae kwanza. Leo nitajisifu bila haya, na sifa zenyewe nusu ni zako.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipopata kazi ya maabara? Uliwaambia wateja wako kwamba umesomesha mtoto miaka yote hiyo ili akafuge wadudu wasiotaga mayai. Walicheka, na mimi nikacheka, ingawa niliumia kidogo. Basi ngoja nikuambie wadudu hao wanafanya nini. Ile sabuni ya unga anayoisifu Mama, inayotoa doa la mchuzi kwenye kola bila kusugua, ndani yake mna kimeng'enya, yaani kile kitu ambacho bakteria hukitoa mwilini mwake ili kukatakata chakula kabla ya kukila. Insulini anayojidunga Shangazi kila asubuhi inatengenezwa na viumbe wadogo waliofundishwa kazi hiyo ndani ya matangi. Kwa hiyo wadudu wangu wamo nyumbani mwenu siku nyingi, wewe tu hukujua kuwakaribisha. Kazi yetu sisi ni kutafuta bakteria anayejua kukata kitu fulani, kumkuza kwenye tangi lenye joto na chakula anachokipenda, kisha kuchuja kimeng'enya chake na kukipeleka kiwandani kufanya kazi.

Sasa, miaka miwili iliyopita walikuja wageni maabara. Niliposikia wanatoka wapi nilimwaga chai. Walitoka kiwanda cha ngozi, Baba. Kile kile chako. Walisema watu wanaokaa chini ya mto wamechoka na maji yanayotoka kiwandani, yale ya chokaa na dawa ya salfa yenye harufu ya yai viza, na kwamba wakipewa onyo moja tena watafungiwa. Walitaka kitu cha kuondoa manyoya kwenye ngozi mbichi bila chokaa na bila salfa. Mkuu wetu wa maabara, ambaye tunamwita Daktari na tunamwogopa kama mwalimu wa zamu, aliwauliza kama wamewahi kuona manyoya yakitoka bila dawa hizo. Mmoja wao alicheka, akasema aliwahi kusikia kuna fundi mmoja zamani alijaribu upuuzi huo akaozesha ngozi kumi na mbili.

Mimi, Kasuku uliyenipa jina hilo mwenyewe kwa kuropoka, nilikaa kimya nikauma ulimi.

Kwa sababu nilikuwa nakumbuka kila kitu. Nakumbuka pipa lako la mbao, la tatu kutoka mlangoni, ambalo hukulimwaga kamwe mpaka chini. Wengine waliosha mapipa yao kila wiki kama sheria ilivyotaka, lakini wewe kila mara ulibakiza kama ndoo moja ya yale maji mazito na kuyaita mbegu, kisha ukaongeza maji mapya na makwangulio ya manyoya. Ulikuwa umegundua kwamba ngozi ikilazwa humo jioni, asubuhi manyoya yanateleza yenyewe, wala huhitaji chokaa iliyokuwa ikikupasua vidole. Ulinionyesha jinsi ya kujua kama ngozi iko tayari: unasukuma manyoya kwa kidole gumba, yakiondoka kama ukungu kwenye kioo, unaitoa saa ile ile, huingojei. Siri hiyo tulikuwa nayo wewe, Mama, mimi, na Mrefu, rafiki yako uliyekuwa ukila naye sahani moja.

Na nakumbuka siku waliyokufukuza. Msimamizi wenu, yule mliyemwita Bwana Saa kwa kutazama saa kila dakika, alikuja moja kwa moja kwenye pipa la tatu, akaingiza mkono, akakuta hamna chokaa, akakurudisha nyumbani papo hapo mpaka wakubwa waamue. Wakubwa wakakaa siku tatu, ngozi zako zikiwa bado pipani. Walipokuita, walikutandikia zile ngozi kumi na mbili sakafuni, zimetoboka kama nyavu, na Bwana Saa akasema mbele ya wafanyakazi wote, tazama uvundo wako. Tangu hapo watu wakakupachika jina la Mvundo, na mpaka leo kuna wanaolitumia. Wewe ukasema ni Mrefu tu angeweza kukuchoma kwa msimamizi. Miaka kumi na tisa sasa humwamkii, naye nyumba yake ni ya nne kutoka yetu.

Basi Daktari alituagiza kila mmoja alete udongo au maji kutoka mahali manyoya yanapooza. Mwenzangu mmoja alileta taka za kinyozi, mwingine takataka za banda la kuku, maabara ikanuka mpaka mlinzi akaomba likizo. Mimi nilileta ukoko mkavu niliokwangua ndani ya pipa lako la tatu. Naam, lipo. Nilikolipata nitakuambia mwishoni, usirukie huko, nakujua. Unajua kuna bakteria ambao maji yakikauka hujikunja na kulala kama mbegu kavu, hata miaka mingi? Nililoweka ule ukoko, nikaupa joto na manyoya kidogo. Siku ya tatu yale maji yakapata ukungu. Wametoka usingizini, Baba, wakaanza kazi waliyoiachia njiani. Nililia mbele ya watu wenye makoti meupe, nikasingizia dawa ya kusafishia meza.

Yalitushinda mengi katikati, sitakuchosha. Mara bakteria walikufa tangi zima, mara kimeng'enya kilifanya kazi kwenye chupa na kugoma kwenye ngozi. Lakini mwaka huu kilikubali. Kwa saa kumi, kwenye joto la mwili wa mtu, ngozi inatoka safi, manyoya yakiwa mazima, na maji yanayobaki hayana salfa hata chembe. Wenzangu wanapima kwa mashine ya kuvuta unywele. Mimi nasukuma kwa gumba kwanza, ndipo naangalia mashine, na mpaka sasa hatujawahi kupingana.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilichukua ngozi moja nzuri, nikaiacha humo siku tatu makusudi. Nilipoitoa ilikuwa imetoboka kama nyavu. Nikakaa nayo mapajani, imelowanisha koti langu lote. Unaelewa, Baba? Kimeng'enya kikimaliza mizizi ya manyoya hakijui kuacha, kinaendelea na ngozi yenyewe. Ngozi zako hazikuoza kwa uzembe wako. Ziliharibika kwa sababu mtu aliyejua saa ya kuzitoa walikuwa wamemfukuza. Hukukosea. Ulikuwa mbele yao wote kwa miaka kumi na tisa, na walikuita Mvundo.

Wiki iliyopita tulifanya jaribio la mwisho kiwandani, mbele ya meneja. Na meneja sasa ni nani? Bwana Saa mwenyewe, ana mvi na kitambi, na saa bado iko mkononi. Tulilaza ngozi arubaini. Asubuhi yake alizipapasa moja moja, akazigeuza, akazinusa, akasema maisha yake yote kazini hajaona uso wa ngozi laini namna hiyo. Akauliza mdudu huyu tumemtoa nchi gani. Daktari akanitazama mimi, kwa sababu kwenye fomu nilikuwa nimeandika asili yake kwa mkono wangu. Nikamjibu kwamba hakutoka nchi yoyote, alitoka hatua chache kutoka hapo aliposimama, kwenye pipa la tatu la fundi aliyemfukuza yeye mwenyewe. Nikamweleza na habari ya zile siku tatu. Sauti yangu haikutetemeka, ungenisikia ungefurahi.

Alirudi akaishika tena ngozi ya juu. Hakutazama saa. Mwishoni aliuliza kama bado uko hai, nikamwambia uko hai na unashona viatu. Akasema Jumamosi ya pili ya mwezi ujao watafungua tangi jipya, na anaomba wewe ndiye uifungue koki ya kwanza, na kwamba yale aliyoyasema juu yako mbele ya wafanyakazi wote atayafuta mbele ya wafanyakazi wote. Tangi limekwisha kupakwa rangi. Wameliandika kwa herufi kubwa PIPA LA TATU, na hilo ndilo jina la bakteria wetu kwenye vitabu vya maabara. Kofi alilonipiga Daktari mgongoni siku hiyo bado nalisikia, kwa upendo lakini.

Sasa nimefika kwenye lile nililolinyamazia miaka yote hii.

Pipa lako nililikuta kwa Mrefu. Nilimwendea kumuuliza lilitupwa wapi, akanyanyuka akanipeleka stoo kwake. Lilikuwa limeinamishwa juu ya matofali mawili, limefunikwa kwa gunia. Alisema siku walipotaka kulipasua kuni alishindwa kutazama, akalibeba kichwani mpaka kwake, akaliweka akingoja siku utakapokuja kuliulizia. Hukuja.

Na si yeye aliyekuchoma, Baba. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuletea chakula cha mchana, ukawa umeenda kunawa. Bwana Saa alikuwa amesimama pale, akaniuliza kwa utani kama mimi ndiye binti wa fundi. Nikamwambia ndiyo, na kwamba baba yangu ndiye fundi hodari kuliko wote, kwa sababu wengine wanatia chokaa na yeye hatii hata kijiko, na manyoya yanatoka yenyewe. Sikujua kama nilikuwa nakuchongea. Nilikuwa najisifu. Nilitaka ajue kwamba baba yangu si mtu wa kawaida. Ulipofukuzwa kesho yake nilielewa, nikaogopa, na kadiri ulivyozidi kumlaumu Mrefu ndivyo nilivyozidi kuogopa, mpaka woga ukageuka mazoea. Ulipoacha kuniita Kasuku, ukasema nimekua na nimepata busara ya kunyamaza, haikuwa busara. Nisamehe.

Kuna moja tena. Siku ile Mrefu alikuwa nyuma ya ngozi zilizoanikwa, anasikia kila neno. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Nilipomuuliza kule stoo kwa nini hakukuambia, alisema angemwambia nini rafiki yake, kwamba aliyemponza ni mwanawe wa miaka kumi? Akasema wewe ungeweza kuishi bila yeye, lakini usingeweza kuishi ukimtazama mtoto wako kwa jicho hilo. Alinisihi nisikuambie hata sasa. Nimemheshimu katika mengi, ila hilo nimekataa.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, kama umenikasirikia, nikasirikie, ni haki yako, lakini Jumamosi hiyo uje. La pili, usije peke yako. Wamemwalika mgeni mmoja tu, lakini koki yenyewe ni kubwa na mikono yako haina nguvu kama zamani, itahitaji mtu wa kuigeuza nawe. Mlango wa nne, Baba. Mwenyewe anashinda nyumbani siku hizi.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie asilie kabla hajamaliza kusoma. Shangazi msalimie, na wateja wako waliocheka habari za wadudu wasiotaga mayai, hao waambie wametaga.

Mara ya kwanza nilipojisifu kwa ajili yako nilikupotezea kazi na rafiki. Hii ni mara ya pili, na nimejisifu kwa sauti ile ile, mbele ya mtu yule yule.

Ni mimi binti yako,
Kasuku